Baada ya Images and Words, chukua Awake

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni dereva wa watalii, naishi Moshi, njia yangu kubwa ni Arusha, Karatu hadi Serengeti. Mgeni mmoja aliniachia CD ya Dream Theater, ile bendi ya metali ya Marekani, iitwayo Images and Words, na tangu siku hiyo sijapona. Napenda mno ule wimbo wa polepole wenye saksafoni, na ule mrefu wa mwisho ambao besi inapewa nafasi yake. Naimba besi kwenye kwaya ya usharika, kwa hiyo sikio langu linakwenda huko chini lenyewe. Rafiki yangu akaniwekea albamu yao nyingine, Systematic Chaos, kwenye flashi, nikashindwa kuimaliza. Niliona vidole vingi, moyo mdogo. Sasa shemeji yangu anakuja Desemba kutoka Ujerumani, kasema nichague CD moja tu ataniletea. Watu wote mtandaoni wanataja Scenes from a Memory. Nichukue hiyo? Na dogo la mwisho: kwenye CD yangu wimbo wa kwanza unakatika ghafla kama umeme umezimwa. Ni mbovu?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nianze na hilo dogo. CD yako ni nzima kabisa. “Pull Me Under” imekatwa hivyo makusudi, katikati ya mwendo, na wewe si wa kwanza kudhani umeuziwa kitu kibovu. Usiirudishe kwa mtu.

Kwa lile kubwa: mwambie shemeji akuletee Awake, ya mwaka 1994. Scenes from a Memory ni kazi kubwa kweli na nitaifikia, ila kwa maelezo yako siyo inayokufuata.

Wanaokutajia Scenes wanakupa albamu inayoshika namba moja kwenye orodha zao. Hawakukosea kuipenda. Lakini wewe hukuuliza ipi ni bora kuliko zote, umeuliza ya kununua baada ya ile uliyonayo, na hapo mimi huwa natazama kwanza nani walicheza. Jina Dream Theater limekaa kwenye majalada tangu 1989, mikono iliyo nyuma ya jina ndiyo imekuwa ikibadilika. John Petrucci wa gitaa, John Myung wa besi na Mike Portnoy wa dramu walikutana Berklee, chuo cha muziki kule Boston, wakaanza bendi mwaka 1985 kwa jina la Majesty. Kinanda akashika Kevin Moore, rafiki wa Petrucci wa tangu shuleni. Albamu ya kwanza, When Dream and Day Unite, iliimbwa na Charlie Dominici. Huyo akaondoka, wakahangaika kutafuta sauti mpaka walipompata Mkanada James LaBrie mwaka 1991. Mwaka uliofuata ikatoka hiyo CD iliyokufanya usipone.

Sasa sikiliza: watu hao watano, LaBrie, Petrucci, Myung, Portnoy na Moore, walitengeneza pamoja albamu mbili tu za studio. Ya kwanza unayo. Ya pili ni Awake. Baada ya hapo hakuna tena, hata ukitafuta vipi.

Kwa nini hilo likuhusu wewe zaidi ya mtu mwingine? Kwa sababu ya hayo maneno yako, vidole vingi, moyo mdogo. Nina hakika kiasi fulani kwamba ulichokikosa kwenye Systematic Chaos ni Kevin Moore. Hakuwa mpiga kinanda mwenye kasi kubwa, na mara nyingi anaweka sauti mbili tatu mahali pake kisha anakaa kimya, gitaa linapita katikati. Rudi kwenye CD yako usikilize kile kipande kifupi cha piano, “Wait for Sleep”, kinachotangulia wimbo wa mwisho. Hakuna gitaa linalokimbizana na mtu hapo. Halafu endelea na huo wa mwisho, “Learning to Live”, utasikia sauti zilezile za piano zikirudi ndani yake katikati ya safari. Hiyo ndiyo akili ya Moore, na nadhani ndiyo iliyokushika bila wewe kujua jina lake. Aliyepo sasa, Jordan Rudess, aliingia rasmi mwaka 1999. Ni mtu wa aina nyingine kabisa, alianza kusoma piano Juilliard, shule ya muziki ya New York, akiwa na miaka tisa, na anaweza kupiga chochote utakachomwekea mbele. Mimi namheshimu. Ila yeye na Petrucci wakianza kufukuzana, msikilizaji asiye mpiga chombo anaweza kubaki nje ya mlango. Systematic Chaos, ya 2007, inafungua kwa dakika kadhaa za vyombo vitupu kabla LaBrie hajafumbua mdomo. Kama uliizima hapo, sikulaumu.

La pili ni sauti ya mwimbaji. Mwishoni mwa 1994, miezi michache baada ya Awake kutoka, LaBrie alikuwa mapumzikoni Cuba akala chakula kilichomdhuru, akatapika kwa nguvu hadi akaumia nyuzi za sauti. Ilimchukua miaka kurudi sawa, na wengine tunaona kwamba ile sauti ya juu ya Images and Words, inayopanda bila kuonyesha jasho, haikurudi vilevile. Wewe ni mwanakwaya, unajua sauti ikishaumia inakuwaje. Kwenye Awake bado ni nzima, tena amejifunza kuikwaruza panapohitajika. Kuna mahali anafoka, kuna mahali ananong’ona, na juu bado anafika.

Lakini nisikudanganye kuhusu hali ya hewa ya albamu yenyewe. Images and Words ina mwanga. Awake ni nzito na ina kiza. Petrucci alishika gitaa la nyuzi saba kwenye baadhi ya nyimbo, kwa hiyo sauti inashuka chini kuliko ulivyozoea, na “The Mirror” ndiyo inayokuonyesha hilo bila kuficha: kipande kimoja cha gitaa kinapigwa na kurudiwa mpaka ukuta unatikisika. Maneno yake aliyaandika Portnoy kuhusu vita yake na pombe. Hapo, kama mpenda besi, utalalamika kidogo, maana gitaa likishuka hivyo linakaa kwenye kiti cha Myung. Usikate tamaa. Nyimbo mbili mbele kuna “Lifting Shadows Off a Dream”, inaanza na besi yenyewe, sauti za juu za nyuzi zilizoguswa tu, zinaning’inia hewani, na vyombo vingine vinamfuata yeye. Maneno pia ni ya Myung, mtu ambaye jukwaani huwezi kumsikia akisema lolote.

Saksafoni haipo. Nalisema mapema usije ukanilaumu. Ile ya “Another Day” ilipigwa na Jay Beckenstein wa kundi la Spyro Gyra, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye studio ya BearTracks, pale Suffern, jimbo la New York, walikorekodia. Awake haina mgeni wa namna hiyo. Badala ya ule utamu utapata huzuni, na huzuni hiyo imegawanywa sehemu mbili.

Ya kwanza iko katikati. Nyimbo tatu, wa nne, wa tano na wa sita, zimeunganishwa na kupewa jina moja, “A Mind Beside Itself”, jumla kama dakika ishirini. Zinaanza na “Erotomania”. Jina hilo lisikutishe mbele ya mchungaji, hauna neno hata moja, ni vyombo tu. Kisha unakuja “Voices”, karibu dakika kumi, habari za mtu anayesikia sauti kichwani na kushindwa kujua ipi ni ya Mungu na ipi ni ya maradhi. Kama ningetakiwa kubaki na wimbo mmoja tu wa bendi hii, ningebaki na huu. Unaanza polepole sana, unajenga, unabomoka, halafu Petrucci anaingia na solo ambayo haina haraka ya kumwonyesha mtu chochote. Baada ya kelele zote hizo kinakuja kitu cha gitaa kavu, “The Silent Man”, chini ya dakika nne, kuhusu baba na mwana walioishi nyumba moja bila kuzungumza. Aliyelelewa na mzee wa kujibu kwa kukohoa ataelewa bila kamusi. Sikiliza viitikio vyake, humo kuna sauti zilizopangwa vizuri, na wewe unaweza kuongeza ya kwako ya chini ukiwa peke yako kwenye gari.

Ya pili ni wimbo wa kufunga, “Space-Dye Vest”. Moore aliuandika peke yake. Piano, sauti za watu wakizungumza zilizochukuliwa huku na kule, LaBrie akiimba chini kabisa, na bendi nzima inaingia mwishoni mwishoni. Kabla albamu haijafika madukani Moore alikuwa ameshaondoka kwenye bendi. Wenzake hawakuupiga jukwaani kwa miaka ishirini, hadi ziara ya 2014. Ukishajua hivyo, unausikia ulivyo, mtu anaaga na wenzake wanampigia vyombo.

Kuna kitu kingine utakigundua kabla ya yote hayo, ni dramu. Kwenye Images and Words ngoma ndogo ya Portnoy ina mlio wa kimashine, kila pigo sawa na jingine. Hiyo ilikuwa kazi ya mtayarishaji David Prater, na Portnoy mwenyewe hakuipenda. Awake inafungua na dramu peke yake, na ndani ya sekunde chache unasikia tofauti: ngozi, mbao, mkono wa mtu.

Kasoro zake? Ni ndefu, dakika sabini na tano, na ningeweza kuishi bila “Innocence Faded” ingawa najua kuna watakaoniandikia kwa hasira. Mpangilio wa mwanzo pia si rafiki, nyimbo mbili za kwanza zinabana kifua na mtu anaweza kufikiri albamu nzima iko hivyo. Ivumilie mpaka Boma Ng’ombe. Ukiiwasha unatoka Moshi mjini, kwa mwendo wa kuheshimu trafiki, Boma unafika “Voices” ikiwa katikati, na “Space-Dye Vest” inakumalizikia maeneo ya USA River. Hiyo barabara ina urefu unaoitosha.

Sasa Scenes from a Memory, maana najua bado inakukereketa. Ilitoka 1999, Rudess akiwa mgeni, na ni hadithi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kijana Nicholas anaota maisha ya msichana Victoria, anakwenda kwa mtaalamu wa kulaza watu usingizi wa maono, na huko anakuta mauaji yaliyotokea mwaka 1928, ndugu wawili wakimgombea msichana huyo. Mwisho sikuambii. Kwako ina mvuto wa ziada kwa sababu ni mwendelezo wa wimbo ulio nao tayari, “Metropolis” sehemu ya kwanza, na vipande vya muziki wa wimbo ule vinarudi ndani yake vikiwa vimebadilishwa nguo. Anayeijua sehemu ya kwanza kwa moyo, kama wewe sasa, anafurahia mara mbili. Karibu na mwisho kuna “The Spirit Carries On”, wenye kwaya ya injili nyuma na Theresa Thomason akiongoza, na hapo mwanakwaya yeyote wa Moshi atasimama.

Ndiyo, najua nimeanza kuisifia. Tatizo langu ni namna utakavyoisikiliza. Ile ni ya kukaa chini na kijitabu cha mashairi mkononi, dakika sabini na saba bila kukatizwa. Wewe unasikiliza ukiwa unaendesha, mara kuna askari, mara mgeni kaona twiga, mara simu ya ofisi. Awake unaweza kuikata ukaendelea kesho. Scenes ukiikata umepoteza uzi. Tena humo ndimo ulimo “The Dance of Eternity”, dakika sita za vyombo zenye mabadiliko ya mapigo zaidi ya mia moja. Mwalimu wa kwaya akijaribu kuuongoza kwa mkono atatafutiwa daktari. Kwa mtu aliyechoshwa na vidole kwenye Systematic Chaos, ningependa aufikie huo akiwa ameshaiamini bendi. Iwe ya tatu.

Nyingine nitazipitia mbio. Falling into Infinity ya 1997 ilitengenezwa kampuni ya muziki ikisukuma nyimbo za redioni, ina mazuri yake, isubiri. A Change of Seasons ya 1995 ni wimbo mmoja wa dakika ishirini na tatu pamoja na nyimbo za bendi nyingine zilizopigwa jukwaani, na huo mmoja ni mzuri sana. Kinanda hapo ni Derek Sherinian. Six Degrees of Inner Turbulence ya 2002 ni CD mbili, ya pili yote ni kazi moja ya dakika arobaini na mbili kuhusu watu sita wenye maradhi ya akili. Train of Thought ya 2003 ni nyundo tupu, mpe rafiki anayependa Metallica. Octavarium ya 2005 ndiyo ningeweka ya nne kwako, imelegea kidogo, ina nafasi ya kupumua, na wimbo wa mwisho wa dakika ishirini na nne una mwanzo wa subira. The Astonishing ya 2016, CD mbili, vipande thelathini na vinne, zaidi ya saa mbili, usiiguse kwa sasa. Ya karibuni, Parasomnia ya Februari 2025, ni ya kurudi kwa Portnoy, aliyeondoka 2010 na kurejea 2023. Ni nzuri kuliko nilivyotegemea, ila haijibu swali lako.

Hutakiwi kuniamini kwa maneno matupu. Kabla hujamtumia shemeji ujumbe, tumia bando kidogo, utafute “Voices” na “Space-Dye Vest” usikilize kwa visikilizi, siyo kwa spika ya simu. Hapa kwetu huna pa kwenda kuuliza kwa mdomo. Arusha imeipa nchi X Plastaz na Weusi, mji wa hip hop huu, ukisema unapenda metali watu wanadhani unaezeka nyumba. Kwa hiyo jaribu mwenyewe. “Voices” ikifika dakika ya tano na bado unatazama saa, basi nimekosea mtu, achana nami umwagize Scenes.

CD ikifika, utataka kuiweka kwenye flashi kwa ajili ya gari, na hapo ndipo watu wanaiharibu. Vijana wa kuweka nyimbo wakikopi bila kuangalia, majina yanajipanga kwa alfabeti, na utakuta “The Silent Man” unakuja baada ya “Space-Dye Vest”. Waambie kila faili lianze na namba, 01 hadi 11. Zima kile kitufe cha kuchanganya nyimbo. “The Mirror” inaingia moja kwa moja kwenye “Lie” bila kusimama, na redio nyingi za gari zinaweka ukimya wa sekunde kati ya faili na faili, kitu kinachokera kweli mahali hapo. Dawa yake ni kuziunganisha hizo mbili ziwe faili moja. Na ukishapita geti la Ngorongoro ukaingia kwenye vumbi na matuta, usianze na nyimbo za kimya, injini na bodi vitazimeza. Weka “Lie” au “Caught in a Web”, zile za piano zibakize kwa lami au kitandani.

Kuhusu shemeji: hata CD iliyotumika inafaa, maana CD haichakai kwa kusikilizwa, inaharibiwa na mikwaruzo. Aigeuze aone upande wa chini kwenye mwanga, ahesabu nyimbo kumi na moja nyuma ya jalada, ahakikishe kijitabu cha mashairi kimo ndani, kwa sababu “Voices” bila maneno unapoteza nusu yake. Na kama kwenye begi kutabaki nafasi ya CD ya pili, hapo sasa mtajie Scenes.